Maneno Yasiyokuwa Kitabuni

Stamford, 4 Oktoba 1606

Kwa Baba mdogo Ambrose Pennock, London.

Naomba barua hii ikukute mzima, na tauni iwe imekwisha huko kwenu. Sisi tunaendelea. Mama anakusalimu. Mdogo wangu Ursula amekuwa akikohoa tangu mavuno, lakini jana alipanda ukuta wa jirani kuiba tufaha, kwa hiyo tunasema amepona. Nguruwe mkubwa tutamchinja mwezi ujao. Shuleni nimehamishiwa benchi la mbele la Kilatini, na Mwalimu Dabney amesema nikiendelea hivi ataniandikia barua ya kwenda Cambridge. Sisemi haya kwa kujisifu. Mama ndiye aliyeniambia nikuandikie.

Sasa jambo lenyewe, ambalo nadhani umelijua tangu ulipoona mwandiko wangu.

Baba bado yuko gerezani. Alikamatwa Pentekoste na sasa majani yanaanguka. Hobbins, mchukuzi wa mizigo, alipita Southwark, liliko gereza hilo, alipopeleka sufu, akamwona kwenye nondo za dirisha. Aliporudi Mama alimuuliza, "Yukoje?" Hobbins akavua kofia akawa anaizungusha mkononi.

"Yupo, mama."

"Yupo vipi?"

"Yupo tu. Ameniuliza kama mmeezeka zizi."

Mama akaingia jikoni akafunga mlango, na mkate uliokuwa ndani ya tanuri ukaungua.

Baba mdogo, mimi siwezi kusema mbele ya watu, wewe mwenyewe umenicheka mara nyingi kwa hilo. Kuandika ninaweza. Baba amefungwa kwa ule utani wa mabwana wa Kiskoti wanaofika London pekupeku, na kabla miguu haijakauka Mfalme, Mskoti mwenzao, ameshawapa vyeo. Ofisi inayosoma michezo kabla haijachezwa imesema aliyeandika mchezo ndiye mwenye maneno. Lakini Baba amemwapia Hobbins kwamba hakuyaandika. Hayakuwemo kitabuni, ile nakala ya mchezo iliyopitishwa na ofisi. Na kitabu chenyewe, ambacho kingeonyesha hivyo, kilipotea siku ileile jumba la michezo lilipofungwa.

Siku ile aliyecheza mwovu ni wewe. Maneno yalitoka kinywani mwako. Kila mtu anajua kwamba watu wakianza kucheka wewe huongeza ya kwako. Nakuomba uende ofisini useme uliongeza. Ukisema hilo tu, Baba atarudi nyumbani.

Mwanao mtiifu,
Giles


London, 31 Oktoba 1606

Giles mwanangu, kijogoo wa Kilatini,

Barua yako imenikuta mzima, na sidhani ni kwa maombi yako. Msalimie shemeji, umwambie sijasahau ile pai yake ya njiwa. Huku jumba lilifungwa kwa tauni mwezi mzima wa Septemba, tukawa tunatembea vijijini kucheza kwenye mabanda ya ng'ombe, na ng'ombe wanasikiliza vizuri kuliko watu wa Southwark. Sasa tumefungua. Mzee Wragge, mkuu wa kundi letu, amevimba miguu kama viriba na hawezi tena kupanda jukwaani. Tunamlilia kabla hajafa, kusudi tukimlilia baadaye tuwe tumezoea.

Nimesoma barua yako mara moja. Ni safi sana. Nimeona mtoto amekaa sawasawa, kiwiko mezani, anamwambia mtu mzima aende akajitie kitanzi.

"Ukisema hilo tu." Umeshawahi kuingia ofisini kule? Mtu huingia ana masikio mawili, akitoka uyahesabu. Unaniuliza nilisema nini Pentekoste. Sikumbuki. Siku ile sikuwa Ambrose, nilikuwa mwovu, na mwovu akiwa mbele ya watu elfu mbili wanaomngoja afungue kinywa, maneno huja. Yametoka wapi, muulize aliyeyaleta.

Nami nina ombi langu. Baba yako alikuwa akiandika mchezo wa katibu Orsolo, yule anayemwekea sumu bwana wake ili autawale mji. Aliniambia uko kwenye sanduku, chini ya Biblia ya bibi yako. Unitumie. Wragge akifa kundi litachagua mkuu mpya. Nikitoka jukwaani na Orsolo mmoja wa nguvu, watanichagua mimi. Mkuu wa kundi ndiye anayeongea na wakubwa wenye kundi, uso kwa uso, chakulani. Hapo ndipo nitakapomtaja kaka yangu. Leo nikienda, mimi ni nani? Mchezaji mwenye buti mpya.

Tumia kichwa, kwa kuwa wanasema unacho.

Baba yako mdogo,
Ambrose


Stamford, 22 Novemba 1606

Baba mdogo,

Pokea salamu za hapa. Nguruwe tumemchinja na Ursula amelia siku nzima, kisha jioni akala soseji nyingi kuliko sisi wote. Barabara zimejaa tope na gari la Hobbins lilizama pale kwenye kivuko, ndiyo maana nimechelewa. Mama hajambo. Hakusema chochote kuhusu pai.

Mchezo nimeuona. Una sehemu nne. Ya tano Baba hakuiandika.

Niliusoma kwenye dari kwa kuwa Mwalimu Dabney amehubiri tena kwamba majumba ya michezo ni sebule ya shetani, na mwanafunzi atakayeonekana na kitu cha namna hiyo atatolewa benchini. Niliusoma mpaka vidole vikafa ganzi. Orsolo ni mbaya na nilimpenda. Hilo lilinisumbua sana. Nilijiuliza kwa nini nimpende mtu anayemwekea sumu mzee aliyemlea, na nadhani nimeelewa. Kila akitaka kutenda uovu hutugeukia sisi kwanza. Bwana wake hamwambii, mke hamwambii, sisi anatuambia: nitafanya hivi na hivi, na sababu ni hii. Tunakuwa watu pekee anaowaambia ukweli. Ndipo tunasimama upande wake bila kujua.

Wewe umecheza watu wa namna hiyo miaka yote. Kwa nini sisi hutugeukii?

Nimenakili sehemu nne na Hobbins anazo. Ya tano nitaiandika mimi. Ninajua Orsolo anakwenda wapi, na mtindo wa Baba wa kutunga ninauweza. Lakini sitaituma mpaka uwe umekwenda ofisini. Ukitoka ofisini, Hobbins atakukabidhi mwisho wa mchezo wako. Nimemwambia hivyo, naye amesema, "Mimi ninabeba sufu, mabwana, msinibebeshe na ugomvi," lakini amekubali.

Giles


London, 20 Desemba 1606

Giles,

Salamu za sikukuu kwa shemeji na kwa mla soseji.

Wragge amekufa. Tumemzika kwenye barafu, watu wawili wakateleza kaburini na kuhani akacheka. Wragge angelipenda hilo.

Sasa nisikilize. Sehemu zako nne nimewasomea wenzangu. Nilipofika pale Orsolo anapombusu bwana wake baada ya kumpa kikombe, hakuna aliyekohoa. Wamekubali tucheze kabla ya Kwaresima, na baada ya hapo watachagua mkuu. Wakauliza sehemu ya tano ni ya nani, kwa kuwa baba yako Matthew yuko ndani. Nikasema ninaiandika mimi. Southwark nzima inajua hivyo. Nimepigwa mabega mpaka yameuma.

Halafu wewe, mtoto wa miaka kumi na mitano ambaye akiombwa kusoma sala mezani anageuka mwekundu kama damu, unaniwekea masharti. Kwa mchukuzi wa sufu.

Unataka nikugeukie nikuambie? Haya. Kaka yangu alizaliwa kwanza. Alipelekwa shule, mimi nikapelekwa kwa mtengeneza glavu. Alikuja London kunitazama nikicheza, akasema, "Hata mimi ninaweza kuandika vitu hivi," na kweli akaweza, na tangu siku hiyo nimekuwa kinywa chake. Watu hulia kwa sauti yangu, wakitoka nje wanauliza nani ameandika. Ndiyo ukweli wangu. Hayo mengine umeyatunga mwenyewe darini.

Mambo ni haya. Andika sehemu ya tano. Mwandishi wetu wa kanda, zile karatasi ndefu za maneno, ana jipu kidoleni, kwa hiyo kanda za wachezaji nazo uzikate wewe, una mwandiko mzuri. Kila mtu na ukanda wake, maneno yake peke yake na yale machache ya mwenzake ya kumjulisha zamu yake. Kitabu kizima umpelekee Noy, mshika kitabu wetu anayefuata maneno nyuma ya pazia, akipitishe ofisini. Tangu Pentekoste Noy analala na kitabu chini ya mto. Ukanda wangu uniletee mimi, nataka kuanza kujifunza mapema.

Usipofanya, nitamwandikia Mwalimu Dabney wako anitafutie darini kwenu.

Ambrose


Stamford, 19 Januari 1607

Bwana Pennock,

Natumaini huna ugonjwa. Mama ana maumivu ya mgongo kwa kubeba maji, kisima kimeganda. Ursula anajifunza kusoma.

Barua yako kwa Mwalimu Dabney ilifika kabla ya ile uliyoniandikia mimi. Nadhani Hobbins alianza na nyumba ya Mwalimu. Kwa hiyo sikupata hata nafasi ya kukutii.

Mwalimu alinisimamisha mbele ya shule. Akaniuliza, "Ni wewe unayemwandikia shetani?" Sikuweza kujibu. Unajua ninavyokuwa. Wenzangu walidhani ni kiburi. Alinichapa, kisha akaniweka na watoto wanaojifunza a, e, i, ninawashikia mikono wasimwage wino. Ya Cambridge hayasemwi tena. Mama alikwenda kumwomba, naye akamwambia amchunge mwanawe vizuri kuliko alivyomchunga mumewe.

Na Baba amepata homa ya gerezani. Hobbins hakumwona dirishani safari hii. Mlinzi alimwambia, "Yule wa michezo? Njoo na blanketi, au usije."

Sehemu ya tano imekwisha. Orsolo amepata mwisho anaostahili. Kitabu kizima nimekifunga kwa Bwana Noy pamoja na kanda za wengine. Ukanda wako nimeuandika mwenyewe kwa uangalifu na umo ndani ya kifurushi hiki. Sina masharti.

Ujifunze vizuri.

G. Pennock


Southwark, gerezani, 27 Februari 1607

Mpwa wangu,

Hapana, wewe si mpwa, wewe ni mtoto wa kaka, ni mwanangu kabisa. Leo ndiyo nimeamini.

Nikusalimu kwanza. Huku kuna baridi, mkate una mchanga na mwenzangu wa chumbani ni mwizi wa farasi anayeimba zaburi. Blanketi mliloleta kwa ajili ya kaka yangu ninalo mimi. Wamesahau kulitoa alipotoka.

Nakusimulia, kwa kuwa mwandishi ana haki ya kujua mchezo wake ulikwendaje.

Jumba lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Sehemu nne za mwanzo zilikwenda kama maji. Muuza tufaha mmoja alinipigia kelele, "Usiinywe, mzee, usiinywe," bwana wangu alipopokea kikombe, na watu wakamnyamazisha kwa makofi ya kichwa. Ikaja ya tano. Nimesimama peke yangu mbele, mji ni wangu, nawageukia watu. Nikasema yale yaliyo kwenye ukanda wangu: "Bwana wetu mpya huamka na upanga wa kugawia vyeo. Asubuhi hugusa mabega ya watu, mchana mabega ya wachunga mbuzi, jioni mabega yamekwisha, huita mbwa. Na mbwa naye ametoka kaskazini."

Giles, sijawahi kusikia sauti kama ile. Paa lilitikisika. Nilisimama pale nikainywa sauti yote. Kisha nikaona mabwana wawili kwenye viti vya juu wameinuka, na nyuma ya pazia Noy anapitisha kidole kitabuni, juu, chini, juu, uso mweupe. Ndipo nikaelewa.

Wamenikamata na ndevu za gundi usoni. Kule ofisini kulikuwa na mtu mmoja mfupi mwenye mafua. Akaweka kitabu cha Noy mezani. Akasema, "Mara ya kwanza mlituambia ni mwandishi. Leo mwandishi yuko gerezani na homa, kitabu ni safi, na mdomo ni uleule." Akapenga kamasi. Kesho yake kaka yangu alifunguliwa mlango, mimi nikaingia. Tulipishana ukumbini. Alinishika mkono wa shati akasema, "Ambrose, umekula?"

Usidhani nilikuwa mjinga. Maneno yale niliyaona siku ile ukanda ulipofika. Nilijua yana moto. Ningeweza kumuuliza Noy, "Haya yamepita ofisini?" Nilijua angekwenda kutazama, na kama hayamo angeyakata. Kwa hiyo kwenye mazoezi nilikuwa ninamung'unya pale, narukia neno la mwisho, kama tunavyofanya sote. Nilitaka ile sauti. Na wewe ulijua nitaitaka. Ulijua sitauliza. Huko darini kwenu umenisoma kuliko mama yangu alivyonisoma.

Sasa tuzungumze kama watu wa kazi moja. Yule mwenye mafua ameniuliza nani aliyeniandikia. Nilinyamaza. Usifikiri ni upendo. Nilikuwa ninahesabu. Ukanda ninao, umeshonwa ndani ya fulana. Nikiutoa, kila mtoto wa Stamford ataujua mwandiko ule. Watu wamekatwa masikio hapa kwa utani mdogo kuliko huo.

Nenda kwa Bwana Cawdrey, mwenye ardhi yenu, ana binamu karibu na Mfalme. Mwombe aniandikie niachiliwe. Sijali utamwambia nini, wewe ndiye mtunzi. Hobbins akirudi bila barua ya Cawdrey, ninachana mshono.

Ambrose


Stamford, 14 Machi 1607

Bwana Pennock,

Sijui nikusalimu vipi, kwa hiyo nakupa habari tu. Baba yuko nyumbani. Hobbins alimleta juu ya magunia. Anakula akiwa amesimama, na hawezi kukaa chumbani mlango ukifungwa, tunapata baridi wote lakini hakuna anayeufunga. Ursula hakumtambua. Alimwamkia kama anavyomwamkia kuhani. Leo asubuhi amemsomea ukurasa mzima na Baba akamwambia arudie. Mama anaimba akiosha vyombo. Nilikuwa nimesahau kwamba huimba.

Kwa Bwana Cawdrey sitakwenda.

Utoe ukanda. Waonyeshe. Watauliza mtoto wa shule, asiyeweza hata kusema sala kwa sauti, alijifunzia wapi kutia maneno mapya kwenye kinywa cha mtu ili mwingine afungwe. Nitawaambia nimejifunza kwako. Nitawaeleza ya Pentekoste na kitabu kilichopotea. Ukinivuta nami nitakuvuta, na wewe ni mzito kuliko mimi. Kwa hiyo hutaonyesha. Utakaa hapo na blanketi la Baba mpaka wachoke nawe, nami nitakaa hapa na watoto wa a, e, i, na kila mmoja atajua anachojua kuhusu mwenzake. Nimefikiri sana na sioni kosa katika hesabu hii. Wewe ulianza. Mimi nilimtoa baba yangu, na kama ningengoja adabu yako, leo ningekuwa ninaandika habari za jeneza lake.

Sijuti. Yale maneno ya mbwa niliyaandika mara moja, bila kufuta. Nilicheka peke yangu darini.


16 Machi

Ninaendelea kwenye karatasi ileile kwa sababu sina nyingine, na kwa sababu Baba amesema nisifute yaliyo hapo juu.

Niliiacha barua mezani nikaenda kuteka maji. Niliporudi alikuwa amesimama mlangoni anaisoma, mwanga ukimtoka nyuma. Alisoma polepole. Nilingoja anipige. Ningelipenda anipige.

Akauliza, "Maneno ya mbwa ni yako?"

Nikasema ndiyo.

"Ni mazuri," akasema. "Ni makali kuliko ya Ambrose. Yake yalikuwa ya ovyo." Kisha akaegemea mwimo wa mlango. "Giles. Kule ndani nilikaa na maneno ambayo si yangu. Kila asubuhi nayakuta yamelala karibu yangu. Nilikuwa ninasema, aliyeniwekea haya analalaje? Sasa nimejua mtu wa namna hiyo analala vizuri tu. Analala chumba cha juu, kwangu."

Niliweka ndoo chini.

"Yeye ni mwovu, Baba," nikasema mwishowe.

"Ndiyo. Ni mwovu tangu mdogo. Aliniuzia viatu vyangu mwenyewe." Akacheka kidogo, kisha akakohoa sana, nikamshika. "Lakini safari hii hakufanya."

Mama alitusikia. Akaingia na mikono yenye sabuni akasema, "Matthew, acha. Waache wafungwe wanaofungwa." Baba alitoka mlangoni. Alikwenda kutafuta kofia yake. Alikuwa ameshaamua. Atapanda gari la Hobbins kesho, Jumanne, aende ofisini kwa yule mwenye mafua, aseme yeye ndiye aliyeandika yote mawili, ya Pentekoste na ya sasa, yote aliyaficha kwenye kanda za ndugu yake, ndugu yake hakujua na mwanawe hakugusa kitu. Anasema wataamini kwa kuwa tayari wamezoea kumwona kule. Anasema hivyo kwa upole, kama mtu anayekwenda sokoni.

Hawezi kupanda ngazi bila kupumzika katikati. Akirudi mahali pale hatatoka.

Baada ya chakula nilimfuata Mama jikoni. Nilimwambia jambo moja na sikulirudia. Alifuta mikono kwa aproni. Nilidhani atakataa. Ni mama yangu, na anajua wanavyofanya na masikio ya watu. Halafu akainama, akachukua buti za Baba karibu na moto, akazitia ndani ya pipa la unga na kulifunika. Akakaa juu yake. Akasema, "Vaa soksi mbili."

Kwa hiyo Hobbins akija kesho nitapanda mimi, na barua hii nitakuja nayo mwenyewe. Sijui nitasemaje mbele ya yule mtu. Nimejaribu leo mbele ya ng'ombe zizini na sauti haikutoka mpaka mara ya tatu. Nitasema maneno ya mbwa ni yangu, niliyatia kwenye ukanda wako na kitabuni sikuyatia, kwa makusudi, ili ufungwe. Wakitaka ushahidi watautoa kwenye fulana yako.

Ya Pentekoste sitayasema. Hayo si yangu. Watakapokuleta chumbani uthibitishe mwandiko wangu, utakuwa umesimama pale, na Baba yuko nyumbani hana buti, na wataanza kuuliza kama basi yale ya kwanza yalikuwa ya Matthew kweli. Utaulizwa wewe. Hakutakuwa na watu elfu mbili. Atakuwepo mtu mmoja mwenye mafua, na mimi.

Sijakusamehe, na sidhani nitakusamehe. Nakuandikia tu ujue saa hiyo inakuja, usije ukasema maneno yalikuja yenyewe.

Giles, mwana wa Matthew